Mama Mkwe na Kabati la Mninga

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutufundisha kwamba mgeni si mtu wa kupikiwa na kutandikiwa tu, bali mara nyingi huja na heri ambayo mwenyeji hakuijua wala hakuiomba. Wengi wetu tunaipenda sana tunapokuwa wageni. Tukiwa wenyeji, tunaitamka mlangoni kwa tabasamu pana huku jicho moja likipima unga uliobaki kwenye debe. Joakim wa Somanda, mjini Bariadi, alikuwa mwenyeji wa namna hiyo. Mimi simlaumu sana, kwa maana mgeni aliyemjia alikuwa mama mkwe wake, na alimjia wakati mbaya kuliko nyakati zote.

Joakim alikuwa mpiga chapa katika chama kimoja cha ushirika cha pamba. Miaka ile soko huria lilikuwa limeingia kwa kishindo. Wanunuzi binafsi walimiminika vijijini na malori na mizani zao, maghala ya ushirika yakabaki na popo, na makarani wakapewa mkono wa buriani pamoja na kiinua mgongo kidogo. Baadhi ya wenzake walinunua ng'ombe, wengine baiskeli, na mmoja mwenye moyo mwepesi akaoa mke wa pili. Joakim alipanda basi hadi Mwanza, akakaa kwa fundi mmoja wa kompyuta mpaka akaujua ufundi wake, kisha akarudi nyumbani na boksi magotini lenye vipande vya kompyuta vilivyokwisha kutumika. Akaenda tena, akarudi na boksi lingine. Aliviunganisha vipande vile mwenyewe juu ya meza ya chakula, skrubu baada ya skrubu, hadi siku alipobonyeza swichi na skrini ikawaka. Nyamizi, mkewe, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, alipiga vigelegele hata majirani wakadhani amejifungua kabla ya wakati.

Tangu siku hiyo mashine ile ilitunzwa kama mboni ya jicho. Bariadi ina vumbi, na msimu wa pamba ukifika, manyoya meupe kutoka kwenye kinu cha kuchambulia pamba huruka na kutua popote yanapopenda, iwe ni kwenye chai au kwenye nywele za bibi harusi. Joakim alikula kiapo kwamba hayatatua kwenye kompyuta yake. Alimwagiza seremala amtengenezee kabati la mninga. Juu yake ilikaa skrini, na chini, penye mlango na kufuli, liliwekwa boksi lenyewe lenye ubongo wa mashine. Mlango ule ulibana hata sisimizi angelazimika kubisha hodi. Nyamizi naye hakutaka kubaki nyuma. Alifuma kitambaa cha uzi mweupe chenye maua pembeni, kama vile vinavyofunika redio na makochi katika nyumba za watu wenye heshima zao, akalifunika boksi lile ndani ya kabati. Mgeni akija, Joakim alifungua mlango ili kitambaa kionekane, kisha akaufunga tena.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Watu walileta barua za maombi ya kazi, mialiko ya harusi na matangazo ya mbuzi waliopotea. Hizo zilikuwa kazi za muda mfupi, mashine ikiwashwa na kuzimwa. Ndipo siku moja akaja Mwalimu Felisita, mwalimu mstaafu aliyekuwa katibu wa kamati ya jubilei ya parokia, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha gwaride.

"Joakim, parokia yetu inatimiza miaka hamsini," alisema kabla hata hajaketi. "Tunataka kitabu cha nyimbo, za Kiswahili na za Kisukuma. Wazee wanazo vichwani, na wazee wanaondoka. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu."

"Sikiliza vizuri. Ukiweza, kazi zote za parokia zitakuja kwako, na mitihani ya shule zetu pia. Usipoweza, tutapeleka Mwanza, na kazi ikishazoea njia ya Mwanza hairudi tena."

Joakim aliitikia kwa furaha, lakini moyoni alijua kwamba kitabu kile kilikuwa zaidi ya kitabu. Kaka yake, Mahona, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na alikuwa amekwisha kumtafutia nafasi. Joakim na mkewe walikuwa wamekubaliana, kwa shingo upande, kwamba mashine isipowalisha kufikia jubilei, Joakim atafunga safari ya machimboni na Nyamizi atabaki peke yake na mtoto mchanga. Nyamizi hakupenda hata kulitaja jambo hilo. Alipoliwaza alikwenda uwani, akafua hata nguo zilizo safi.

Kazi ya kitabu ilipoanza, balaa nalo likaanza. Joakim aliketi asubuhi, akaandika nyimbo mbili tatu, na jua lilipopanda juu ya mabati, skrini ikazima ghafla, tii! Aliwasha tena, ikakubali kwa shingo upande kama mtoto aliyeamshwa, halafu ikazima tena. Kurasa ambazo hazijahifadhiwa kwenye disketi zilipotea bila kuaga.

Joakim hakuwa mjinga wa ufundi. Alijua kwamba ubongo wa kompyuta, ambao mafundi huuita prosesa, ni kidude kisichozidi ukubwa wa biskuti, lakini kikifanya kazi huchemka kama jiwe la mafiga. Ndiyo maana hubebeshwa bamba la aluminiamu lenye mapezi kama ya samaki, na juu ya bamba huwekwa feni ndogo. Joto hupanda kwenye mapezi, feni ikalipeperusha. Joto likizidi, mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Hayo yote aliyajua. Alichotaka kujua ni kwa nini joto linazidi ilhali feni inazunguka kama pia.

"Hilo ni jicho baya la mtu," alisema Mashimba, jirani yake aliyefanya kazi kwenye kinu cha pamba na ambaye hakukosa maelezo ya jambo lolote. "Nani asiyejua kwamba una kompyuta? Hata kijijini Migato wanajua. Tafuta mtaalamu akuangalizie."

"Mtaalamu wa kompyuta?"

"Wa macho, rafiki yangu. Wa macho ya watu."

Joakim alicheka, akafungua boksi. Alichunguza kila waya. Mwishowe akagundua kwamba yale mafuta meupe mazito yanayopakwa kati ya prosesa na bamba la aluminiamu, ili joto lipite vizuri, yalikuwa yamekauka na kupasuka pasuka kama udongo wa bwawa la kiangazi. Sasa, Bariadi nzima haikuwa na duka la mafuta hayo. Joakim akakuna kichwa. Jikoni kulikuwa na kibuyu cha samli kilichotumwa na mama mkwe wake kutoka Mwanhuzi, kule Meatu, nchi ya ng'ombe. Samli ile ilikuwa nyeupe na nzito, tena laini kuliko kitu chochote alichowahi kupaka. Unaweza kukisia kilichofuata.

Mashine iliwaka. Baada ya muda nyumba nzima ikajaa harufu tamu, kama ya wali wa sikukuu. Mashimba alichungulia dirishani akiuliza wanapika nini. Nyamizi alitoka jikoni, akanusa, akafuata harufu mpaka kwenye kabati, akaona tone la samli likichuruzika kwenye maua ya kitambaa chake.

"Baba Mtarajiwa," alisema polepole, maana ndivyo alivyokuwa akimtania tangu alipopata mimba, "samli ya mama umeipaka bati?"

"Ni majaribio ya kisayansi."

"Mama akisikia, atakufa."

"Basi asisikie," alijibu Joakim, akaanza kufuta boksi kwa pamba, kitu pekee ambacho hakikosekani Bariadi.

Alituma ujumbe kwa fundi wake wa Mwanza, na mafuta halisi yakaja kwa basi yakiwa ndani ya kibomba kidogo cha sindano. Akayapaka kwa uangalifu, kiasi cha punje ya mchele, akarudisha kitambaa kilichofuliwa, akafunga mlango wa kabati. Saa za asubuhi zilipita vizuri. Jua lilipopanda, skrini ikazima, tii! Joakim aliweka kichwa juu ya meza. Mwalimu Felisita alikuwa amepita siku hiyo hiyo na kuuliza, "Tumefika wapi?" naye akajibu, "Tunaendelea," kwa sauti ya mtu anayezama huku akipunga mkono.

Katika hali hiyo, Nyamizi alijifungua salama mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Furaha iliyomshika Joakim haielezeki. Aliruka, akamkumbatia Mashimba, akamwita mtoto majina yote aliyoyakumbuka. Lakini jioni ile mkewe alimwambia, "Mama anataka kuja kuniuguza."

Joakim aligeuka, akalitazama kabati la mninga kupitia mlangoni. Ili msomaji aelewe mtazamo ule, lazima ajue desturi. Katika ukoo wa Joakim na wa mkewe, mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, wala hamtazami usoni. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito. Na nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili tu. Cha ndani kilikuwa cha kulala, na cha mbele kilikuwa sebule, yaani ofisi, yaani makao ya kabati la mninga. Mtu hakuweza kutoka ndani bila kupita sebuleni. Mama mkwe akiingia, Joakim angetoka, na kazi ya jubilei ingetoka naye.

"Mwambie aje baada ya jubilei," alisema Joakim hatimaye. "Simkatazi. Ni kuchelewa kidogo tu."

Nyamizi alimtazama kwa macho ya huzuni. Mwanamke aliyejifungua kwa mara ya kwanza humtaka mama yake, na hakuna kitabu cha nyimbo kinachoweza kuziba nafasi hiyo. Lakini alizijua shida za mumewe, akatuma salamu kwa kondakta wa basi la Mwanhuzi kwamba mama asubiri.

Mama hakusubiri. Kabla juma halijaisha, Joakim akiwa katikati ya wimbo wa kuingilia, alisikia mlangoni kikohozi kikubwa, kikohozi cha makusudi, cha kumwonya mkwe akimbie. Joakim alikitambua, akaruka kupitia mlango wa uwani, akaacha ndala moja sebuleni.

"Mwadila, mayu!" Nyamizi aliita kutoka kitandani kwa furaha, akimsalimu mama yake kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola duhu, mayu."

Aliyeingia alikuwa Ng'washi, mama wa makamo, mrefu, mkavu kama nchi aliyotoka, mwenye vibuyu viwili vya maziwa na kuku mmoja kwapani. Alimchukua mjukuu, akamgeuza geuza kama mtu anayenunua kitambaa dukani, akatangaza kwamba ana masikio ya upande wao. Kisha akatazama sebule, akaona ndala moja, akacheka kimya kimya.

Hapo ndipo ulipoanza uhamisho. Mashimba alisaidia kubeba. Kabati la mninga lilikuwa zito mno, hivyo likaachwa sebuleni. Boksi, skrini na printa vilitolewa na kuwekwa kwenye baraza ya nyuma, ambako zamani ndiko yalikokaa magunia ya pamba. Baraza ile ilikuwa na ukuta wa tofali za matundu pande mbili, upepo ukiingia huku na kutokea kule. Kitambaa cha maua hakikwenda pamoja na mashine, kwa sababu Ng'washi alikwisha kukiona, akakipenda, akamfunika nacho mjukuu miguu. Joakim alilitazama boksi lake likiwa uchi juu ya meza mbovu, akahisi machozi yakimlenga. Ili kupunguza vumbi alitundika chandarua kuukuu kwenye yale matundu ya ukuta. Usiku alikwenda kulala kwa Mashimba, ambaye alikoroma kama trekta.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mashimba alimtania.

"Mwenyeji augue," alijibu Joakim kwa uchungu.

Asubuhi alipiga moyo konde, akawasha mashine pale barazani, akaanza kuandika. Jua lilipanda, mabati yakaanza kulia kwa joto. Joakim alihifadhi kila ubeti kwenye disketi, mkono mmoja kifuani, akisubiri msiba wake wa kila siku. Msiba haukuja. Akaandika nyimbo za kuingilia, zikaisha. Akaingia za matoleo. Jioni ilipofika, mashine ilikuwa bado inanguruma kwa upole, na Joakim alikuwa amesahau kula.

Nyumba ile ikaingia katika maisha mapya, na kwa kweli yalikuwa maisha matamu. Ndani kulikuwa na uji wa moto, vicheko vya mama na binti, na mtoto aliyepakwa mafuta mpaka akang'aa. Barazani kulikuwa na Joakim na nyimbo zake. Katikati lilining'inia pazia la khanga, na kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawakuweza kusemezana ana kwa ana, mtoto mchanga aliajiriwa kuwa mkalimani.

"Mjukuu wangu," Ng'washi alisema siku moja nyuma ya pazia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "mwambie baba yako kwamba wimbo ule anaouandika ameukosea. Sisi tulikuwa tunaimba lile neno la kushukuru, 'wabeja', mara mbili, si mara moja."

"Mwanangu," alijibu Joakim akiwa amegeukia ukuta, "mwambie bibi yako ninashukuru. Nimerekebisha."

"Mwambie pia," sauti iliendelea, "kwamba samli ni ya kula."

Joakim aliacha kuandika. Ndani, Nyamizi aliangua kicheko hadi akashika tumbo. Hakuna siri inayokaa kati ya mama na binti aliyejifungua.

Nyimbo ziliongezeka kwa njia hiyo. Ng'washi alizijua nyingi ambazo hazikuwa hata kwenye karatasi za Mwalimu Felisita. Aliziimba nyuma ya pazia akimbembeleza mtoto, na Joakim akaziandika huku akitikisa kichwa. Hata hivyo, bado hakuwa ameelewa. Aliamini kwamba yale mafuta ya Mwanza yamekolea ndiyo maana mashine imetulia, na moyoni alilionea huruma kabati lake lililokaa tupu. Mashine yenyewe aliiona kama mtoto wa watu aliyepelekwa uhamishoni.

Kazi ilikuwa imebaki kidogo Ng'washi aliposema anakwenda Migato kumsalimia dada yake na kulala huko. Basi lilipoondoka tu, Joakim alikimbilia barazani. Alibeba boksi lake kwa mikono miwili, akalirudisha kwenye kabati la mninga, akakiazima kitambaa cha maua kutoka miguuni mwa mtoto, akafunika, akafunga mlango. Aliketi sebuleni kama mfalme aliyerejeshwa kitini.

"Si ungeiacha tu kule?" aliuliza Nyamizi. "Imekaa vizuri."

"Vumbi, mke wangu. Kitu cha thamani hakikai nje."

Kesho yake asubuhi aliandika kwa raha. Jua lilipopanda juu ya mabati, skrini ikazima, tii! Akawasha. Ikazima. Akasubiri kidogo, akawasha tena, na safari hii ilizima kabla hata haijamaliza kuamka. Joakim alitoa mikono kwenye kibodi. Aliiona Geita. Aliona mashimo, na mtoto anayejifunza kutembea bila yeye.

Mashimba aliingia akitokea kinuni, nywele nyeupe kwa pamba, akaelezwa. Hakufikiri hata kidogo. "Nilijua. Mama mkwe wako ana dawa mkononi. Yupo, mashine inakaa, ameondoka, imekufa. Panda baiskeli umfuate Migato."

"Nikamwambie nini? Siwezi hata kumtazama!"

"Mpe mgongo, umwambie."

Aliyekata tamaa hachagui kamba ya kushika. Joakim alitoa baiskeli, akaning'iniza chupa ya maji, kisha akakumbuka kwamba hakuzima swichi ya ukutani nyuma ya kabati. Aliinama, akaegemeza kiganja kwenye mlango wa mninga. Mlango ulikuwa wa moto. Si uvuguvugu, moto. Aliondoa mkono, akautazama, akaurudisha. Kisha akafungua kufuli, na hewa iliyotoka mle ndani ikampiga usoni kama hewa ya tanuri la mkate. Kitambaa cha Nyamizi kilikuwa na joto la nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Joakim alikaa chini sakafuni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka Mashimba akarudi nyuma hatua, akidhani sasa jicho limeingia kichwani.

"Mashimba, feni inazunguka!"

"Najua inazunguka."

"Inazungusha moto! Inautoa kwenye prosesa, unagonga mlango, unarudi kwenye prosesa. Haina pa kuupeleka. Tumeifungia ndani na tukaifunika blanketi! Feni ni ya kupeperusha joto, lakini mimi nimeinyima hewa ya baridi. Kule barazani ilikuwa inapumua!"

Nyamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, aliuma kidole. "Na kitambaa changu?"

"Kitambaa chako ni kizuri mno," alisema Joakim. "Kimfunike mwanetu."

Siku hiyo hiyo boksi lilirudi barazani, mbele ya chandarua, kifuniko cha ubavu kikiwa kimeachwa wazi. Joakim alijiwekea desturi ya kuyapitisha manyoya ya kuku kwenye mapezi ya bamba kila asubuhi ili kuondoa vumbi na pamba, kazi ndogo kuliko kupiga mswaki. Jioni Ng'washi aliporejea kutoka Migato alikohoa mlangoni kwa desturi, lakini hakusikia mtu akikimbia. Sebule ilikuwa tupu, imefagiliwa, na mlango wa kabati la mninga ulikuwa wazi. Ndani yake vilipangwa vibuyu vyake vya maziwa.

Kitabu cha nyimbo kilikamilika. Mwalimu Felisita alikuja, akavaa miwani, akafungua ukurasa mmoja mmoja huku midomo ikicheza. Alipofika kwenye nyimbo za Kisukuma alisimama, akavua miwani, akaifuta.

"Huu aliuimba mama yangu," alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya gwaride tena. "Mlango wa shule zetu uko wazi, Joakim. Jumatatu nitaleta mitihani."

Siku ya jubilei kanisa lilifurika hadi nje, na wimbo wa 'wabeja' mara mbili ulipoanza, wazee walisimama bila kuambiwa. Joakim aliimba hadi sauti ikakauka. Jioni alimtumia kaka yake salamu fupi, kwamba nafasi ile ya machimboni ampe mwingine, yeye kwake kuna kazi na kuna mtoto.

Kukakucha siku ya Ng'washi kuondoka. Vibuyu vilikuwa vimefungwa, kuku mwingine yuko kwapani, safari hii ni zawadi ya kurudi nayo. Joakim alisimama barazani, amegeukia ukuta wa matundu. Alitaka kusema mengi, lakini heshima haikumruhusu.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "mwombe bibi yako akae mpaka mvua zinyeshe. Mwambie nyumba hii bila yeye itakuwa na joto."

Nyuma ya pazia vibuyu viliwekwa chini. Kisha sauti ya Ng'washi ikasikika, safari hii bila utani.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako kwamba zile salamu za kunitaka nisubiri zilinifikia."

Joakim aliinamisha kichwa. Uso ulimwaka kwa aibu kuliko prosesa yoyote.

"Zilinifikia, nikazifikiri," aliendelea mama yule. "Nikasema, mkwe wangu si mchoyo. Mtu mwema akianza kuogopa mgeni, basi nyumbani kwake kuna jambo linamuumiza. Ndiyo maana sikungoja. Nilipanda basi la kwanza."

Joakim alishika pindo la chandarua kwa vidole. Alisimama akiutazama ukuta, machozi yakimtiririka waziwazi, huku upepo ukipita kwenye matundu, ukivuka chandarua, ukiingia kwenye mapezi ya aluminiamu na kutoka upande wa pili. Ng'washi alikohoa mara moja, kikohozi cha kuaga, akatoka. Joakim alisubiri hadi nyayo zake zilipofika barabarani, kisha akasema kwa sauti, peke yake, maneno aliyokuwa ameyageuza siku ile kwa uchungu, na sasa akayaweka sawasawa kama wahenga walivyoyaacha: mgeni njoo, mwenyeji apone.